Dirisha la Nyumba ya Kupanga Lilivyotununisha

Umewahi kununiana na mwenzi wako siku tatu nzima kwa sababu ya dirisha? Si fumanizi, si meseji ya usiku, si mawifi. Dirisha. Mimi yamenikuta, na nakwambia tulinuna kisawasawa. Chakula naweka mezani, naenda zangu kulala. Yeye anakula, anaosha sahani yake moja, sufuria anaziacha.

Ilikuwa masika ya mwaka 2024, ile mvua ya Aprili iliyoifanya Dar es Salaam iwe ziwa. Sisi tunaishi Upanga, ghorofa ya tatu, kwenye jengo la zamani lenye ngazi zilizolika katikati kama kipande cha sabuni. Usiku ule niliamshwa na Junior. Amesimama mlangoni kwetu na mto wake mkononi, analalamika kwamba kitanda chake kimekojoa. Nikaenda kuangalia. Kitanda hakikukojoa jamani, dirisha ndilo lililokojoa. Maji yalikuwa yanapita katikati ya vioo kama hakuna kitu, yanatiririka ukutani, yanaingia kwenye godoro. Baba Junior akaleta dekio na beseni. Tukasukuma kitanda hadi katikati ya chumba, tukamlaza mtoto kwetu, na saa tisa na nusu usiku, badala ya kulala, mimi nikafungua mdomo.

"Baba Junior, haya madirisha tubadilishe."

"Nyumba ya watu hii, mama."

Hapo ndipo lilipoanza.

Ngoja kwanza nikueleze madirisha yenyewe, kwa sababu kama umekulia mjini unayajua. Ni yale ya luva: vipande vya vioo vinavyolaliana kama vigae, na mkono mdogo wa bati pembeni ukiuvuta vyote vinafunguka pamoja. Siku dalali alipotuleta mwaka 2020 ilikuwa saa saba mchana, vioo vyote viko wazi, upepo wa bahari unapiga, mapazia yanacheza. Dalali akasema, "Hapa dada feni ya nini?" Akala kodi yake ya mwezi mmoja, akaondoka. Na kwa hewa hakudanganya. Luva ikifunguliwa inafunguka karibu yote, hakuna dirisha la kisasa linaloishinda kwa hilo.

Tatizo la luva ni kufunga. Mpya inafunga kiasi. Ya miaka arobaini haifungi kabisa. Vishikizo vinavyobana vioo vimelika, mkono umekatika, nyumbani kwetu tulikuwa tunafunga dirisha la chumbani kwa kipande cha waya wa umeme. Vioo vitatu havikuwepo, mpangaji aliyetutangulia aliweka ubao. Nilienda Kariakoo kukatiwa vingine, fundi vioo akaniuliza upana, nikamwambia, nikarudi navyo kwenye bajaji nimevikumbatia kama mtoto mchanga, kufika nyumbani kimoja kinacheza, kingine hakiingii. Wavu wa mbu ulikuwa umeliwa na chumvi ya bahari, ukiugusa unabaki mkononi kama mkate uliokauka. Vumbi usiseme. Unafuta meza asubuhi, jioni unaandika jina lako juu yake. Na kelele! Pikipiki inayopita barabarani saa nane za usiku ni kama inapita sebuleni.

Sasa rudi kwenye ugomvi. Hoja ya mume wangu ilikuwa fupi. Tunadunduliza kwa ajili ya kiwanja Kigamboni. Kila shilingi inayoingia kwenye nyumba ya mtu ni tofali tumelitupa baharini. Tukiondoka madirisha hatuondoki nayo. Na mwenye nyumba akiona nyumba imependeza ataongeza kodi, kwa hiyo utakuwa umelipia kamba ya kujinyongea.

Hoja yangu nayo ilikuwa fupi. Tumekaa humu miaka minne. Junior alianza kutembea kwenye sakafu hii. Kiwanja chenyewe hatujakinunua, tukinunua hatujajenga, tukijenga tutahamia bila hata lipu. Mpaka huko tufike, mtoto alale kwenye maji?

Mimi nikaongeza na lile ambalo sikupaswa kuongeza. Nilimwambia kwamba ndani ya nyumba hii hajawahi kupigilia hata msumari mmoja, na ni kweli. Picha yetu kubwa ya harusi, ile ya fremu ya dhahabu niliyoilipia kwa mbinde mwaka 2018, ilikuwa inakaa nyuma ya kabati, uso umegeukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Kila nikisema tuitundike, jibu ni lile lile: ukuta si wetu. Nikamwambia, "Wewe unaishi kama abiria." Akanyamaza. Na siku tatu zikaanza.

Kilichotutoa kwenye kununa ni hesabu, si mapenzi. Siku ya nne alinikuta na karatasi mezani. Fundi mmoja wa aluminiamu alikuwa amenipigia mahesabu ya madirisha manne, mawili ya sebuleni na moja moja kwa vyumba viwili, vioo, nyavu na ufundi: shilingi 1,600,000. Kodi yetu ni 500,000 kwa mwezi, na tunalipa miezi sita kwa mpigo. Baba Junior akaitazama ile karatasi muda mrefu, akasema, "Kama mama mwenye nyumba atakubali kukata nusu kwenye kodi, mimi nitatoa nusu." Kisha akasema, "Kwa maandishi."

Mama mwenye nyumba wetu ni mjane, anaishi Tanga. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Mjukuu wangu mzima?"

Nikamweleza habari ya mvua. Akasikiliza, akapumua, akasema, "Mbona wenzenu wamekaa humo miaka kumi na hawakusema kitu?" Nikaeleza tena, polepole, habari ya nusu kwa nusu. Akasema atafikiri. Alifikiri wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu nilimuuliza mwenzangu mmoja ofisini, yuko kitengo cha sheria, wakati wa chakula cha mchana. Akaniambia kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba anayepangisha nyumba ya kuishi aihakikishe inafaa kukaliwa na watu, tangu mkataba unapoanza hadi unapoisha. Na kama amepangisha sehemu tu ya jengo, paa na kuta za nje na mifereji mikuu ni juu yake. "Dirisha ni ukuta wa nje au si ukuta?" nikauliza. Tukacheka wote wawili. Akasema kama nataka jibu niende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sasa nani anataka kumburuza mama wa watu barazani kwa sababu ya vioo? Lakini alinipa ushauri ambao nakupa na wewe bure, mwenzangu uliye kwenye nyumba ya kupanga. Soma mkataba wako kwanza. Wa kwetu, ile karatasi moja ya kununua stesheneri, ulisema mpangaji asibadilishe chochote bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Ningebadilisha kimya kimya ningekuwa nimevunja mkataba kwa pesa yangu mwenyewe. Pili, piga picha madirisha ya zamani kabla hayajaguswa. Tatu, na hili ndilo lililotuokoa baadaye, makubaliano ya kukata kodi yaseme pia kodi haitapanda kwa muda gani. Sisi tukaandika miaka miwili.

Mama alikubali, kwa sharti moja. Madirisha ya zamani yasitupwe wala yasiuzwe kwa wauza chuma chakavu. Anayataka. Baba Junior akanong'ona, "Ya nini, vioo vimepasuka?" Nikamkanyaga mguu.

Fundi alikuja Juni. Nilidhani kupima dirisha ni kuweka tepu mara moja na kuandika namba, kumbe! Alipima upana juu, katikati na chini, kisha urefu kushoto na kulia, kisha kona kwa kona. Nyumba za zamani, akasema, hazina pembe sawa. Dirisha letu la sebuleni lilikuwa pana zaidi juu kuliko chini kwa kiasi cha kidole. Unachukua kipimo kidogo kuliko vyote, nafasi inayobaki unaijaza. Fundi anayepima mara moja na kuondoka, mwogope.

Tukabishana aina ya dirisha. Fundi anapenda yale ya kusukuma pembeni, ndiyo yanayowekwa kila jengo jipya mjini. Jirani yetu wa ghorofa ya pili, mama mmoja mcheshi, alinivuta pembeni kwenye ngazi: "Mdogo wangu, hayo yanafunguka nusu tu. Kioo kimoja kikienda kulia, kulia kumezibwa. Desemba utanikumbuka." Akaniambia bora ya kufungua kwa nje kama mlango. Lakini sisi nondo za dirisha ziko nje, zimejengewa ukutani, ukisukuma kioo kinagonga nondo. Kuziondoa nondo ghorofa ya tatu na mtoto wa miaka mitano anayepanda kila kitu? Hapana. Basi tukaridhiana: ya kusukuma, yenye reli tatu, mbili za vioo na moja ya wavu, na juu yake kidirisha chembamba kinachofunguka kivyake, ambacho unaweza kukiacha wazi usiku. Jikoni tukaacha luva zilezile. Jiko la gesi linataka hewa, na moshi wa kukaanga samaki hauna adabu.

Malipo ya awali yakatolewa, na fundi akapotea kama mafundi wanavyopotea. "Kesho dada." "Kioo hakijaja dada." "Niko msibani dada." Sitakuchosha. Julai akaja, na vijana wawili.

Siku ile mama mwenye nyumba naye alikuja kutoka Tanga, bila taarifa. Amevaa baibui, ana kikapu cha maembe ya kukausha na halua. Junior tulikuwa tumempeleka kwa shangazi yake, kwa sababu rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi na vumbi lake si zuri kwa watoto. Ukibomoa nyumbani kwako usiache mtoto acheze pale. Mama akakaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini, akawa anatazama vijana wanagonga patasi. Luva ya kwanza ilipotoka, akasimama. Akamwomba kijana amshikie. Akapangusa kioo na pindo la mtandio. Vilikuwa vioo vya maua, vile vya mchoro unaopitisha mwanga lakini huoni ndani. Sikuwahi kuona yale maua, kwa jinsi vumbi lilivyokuwa limeyafunika.

"Alivipanga marehemu mwenyewe," akasema. "Mwaka sabini na nane. Alikuwa bandarini. Fundi aliondoka kazi nusu, yeye akamalizia Jumapili nzima, mimi namshikia ngazi, tumbo hili hapa, nina mimba ya kwanza."

Hakulia. Alihesabu vioo vizima, vilikuwa ishirini na sita, akatuomba tuvifunge kwa magazeti. Jioni akaenda kulala kwa mdogo wake Ilala.

Na sisi tukabaki na matundu. Kazi haikuisha siku ile. Vyumbani madirisha yaliingia, sebuleni mapengo mawili makubwa yakabaki na nondo tu, tumeyatundikia khanga zangu mbili. Baba Junior akasema hawezi kulala ndani nyumba ikiwa wazi, akatandika mkeka pale sebuleni. Nikaenda kukaa naye. Upepo wa Julai unajua ulivyo, mtamu. Chini mwarobaini unaugua, mbali basi la mwendokasi linapita Fire kuelekea Kariakoo. Umeme ulikuwepo lakini hatukuwasha taa.

Akaniambia jambo ambalo katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kulisikia.

Alipokuwa darasa la tano, kwao Tabora, walikuwa wanapanga vyumba viwili. Baba yake alikubaliana na mwenye nyumba kwa mdomo aongeze chumba cha tatu uani kwa gharama zake, kisha atakaa bila kodi mpaka pesa irudi. Akafyatua matofali mwenyewe, jioni baada ya kazi, watoto wanabeba maji. Chumba kikaisha, na bati juu. Miezi miwili baadaye mwenye nyumba akafariki. Watoto wake wakaja, wakauliza karatasi iko wapi. Hakukuwa na karatasi. Waliwapa wiki moja. "Nakumbuka," akasema, "mama alibeba ule mlango wa kile chumba. Akaung'oa, akaubeba kichwani. Hatukuwa na mahali pa kuuweka. Ulikaa kwa mjomba, umeegemezwa ukutani, mpaka mchwa wakaula."

Sikujua niseme nini. Nilikuwa nimemwita abiria.

Mimi nikamweleza ya kwetu, ingawa anayajua kidogo. Baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali, tumekulia kwenye nyumba za serikali Morogoro. Kila Desemba alipaka kuta chokaa kwa mkono wake, alipanda miembe miwili na mstari wa michungwa. Majirani walimcheka: nyumba ya serikali hii, mzee. Alipostaafu tukaondoka, miembe ndiyo kwanza imeanza kuzaa. Sikumbuki kama alisikitika. Nakumbuka alichuma maembe gunia moja, akaligawa mtaa mzima siku ya kuhama.

"Baba yako alikuwa na pensheni," akasema mume wangu.

"Na baba yako alikosa karatasi," nikasema. "Sisi tunayo."

Akacheka. Kisha tukalala pale pale, mbu wakatuchana mpaka asubuhi.

Madirisha yalipokamilika, kitu cha kwanza nilichokigundua ni ukimya. Usiku wa kwanza Junior aliamka na kuuliza pikipiki zimeenda wapi. Vumbi lilipungua, si kwamba liliisha. Wavu mpya uko imara, na tangu hapo chandarua chake hakina wale mbu watano wa kila asubuhi, ingawa chandarua chenyewe tunashusha vilevile.

Sasa usije ukadhani yote yalikuwa mazuri. Mvua ya kwanza ya vuli ilipopiga, maji yakajaa kwenye reli ya chini ya dirisha la sebuleni kama mfereji ulioziba, yakamwagika ndani. Baba Junior alinitazama. Sikusema kitu, nikampigia fundi. Kumbe reli ya dirisha la kusukuma lazima itobolewe vitundu vidogo upande wa nje ili maji yatoke, na kijana wake alikuwa amesahau. Akaja na drili, dakika kumi tu. Akaongeza na silikoni pembeni, maana ile ya mwanzo waliipaka juu ya chokaa yenye vumbi na ilikuwa inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Kwa hiyo wewe, kabla hujamalizia malipo, mwaga jagi la maji kwenye reli uone yanapoelekea. Sisi tulikuwa tumeshamaliza kulipa, ilikuwa bahati yetu fundi ana utu.

Na Desemba ikafika, na nikamkumbuka jirani wa ghorofa ya pili kama alivyonitabiria. Joto! Kaskazi inavuma, lakini nusu ya upepo inagota kwenye kioo. Feni sasa inazunguka usiku kucha na umeme wa LUKU unaisha kabla ya mwezi. Jikoni, penye luva, ndiyo sehemu yenye hewa kuliko zote. Kuna usiku nimekuta Baba Junior amekaa huko kwenye stuli, kifua wazi, anasoma gazeti. Akasema, "Marehemu alijua alichokuwa anafanya."

Januari mtoto mkubwa wa mama mwenye nyumba akapiga simu. Amepita, ameona nyumba ni ya kisasa, anafikiri kodi iende 650,000. Baba Junior hakupandisha sauti. Alimsomea karatasi, mstari kwa mstari, na tarehe, na sahihi ya mama yake. Yule kijana akasema sawa kaka, hakuna tatizo.

Madirisha ya zamani yalikuwa yamekaa barazani kwetu miezi yote hiyo. Jumamosi moja baada ya ile simu, Baba Junior akayafunga upya kwa maboksi na kamba, akaita bajaji, akayapeleka mwenyewe stendi ya Magufuli kule Mbezi, akayapakia kwenye basi la asubuhi la Tanga. Alikataa kuyatuma tu, alipanda nayo. Alirudi Jumapili usiku, amechoka, ameletewa Junior ndizi na mimi nimeletewa khanga. Nikamuuliza mama ameyaweka wapi. Akasema anajenga kibanda cha kukaa uani, amemwonyesha ukuta yatakapoingia, na vioo vyote ishirini na sita vimefika vizima.

Akala. Akaosha vyombo, na sufuria. Kisha nikamsikia anasogeza kabati chumbani, na baada ya muda akaniita kuniuliza picha ikae juu kiasi gani.